Taboti mzima kwa ajili ya wakwe: wa kufugwa au wa baharini, na apikwe vipi?

Mkaazi wa Ostend

Habari zenu wanajukwaa. Ninaishi Ostend, kwenye pwani ya Ubelgiji, na mwezi ujao tutawapokea baba mkwe na mama mkwe kutoka Tanga. Baba mkwe amekula samaki maisha yake yote, na kabla hajatoa fedha humkagua samaki kwa jicho, kwa pua na kwa kidole, kwa hiyo nimeazimia kumwandalia samaki ambaye hawezi kumpata kwao: taboti, samaki bapa wa bahari za baridi ambaye watu wa huku humweka juu ya karibu samaki wengine wote.

Nimekuwa nikipita kwenye soko la samaki karibu na gati ili nijifunze kabla sijanunua, na kuna mambo yanayonitatiza. Juu ya barafu hulazwa taboti wa aina mbili. Wapo wadogo wa kilo moja na nusu hivi, ambao kibao chao kinasema wamefugwa Hispania, na wapo wakubwa wa kilo tatu hadi tano waliovuliwa katika Bahari ya Kaskazini, ambao kilo yao huuzwa zaidi ya mara mbili ya bei ya wale wa kufugwa. Pembeni yao hulazwa samaki mwingine anayefanana nao mno, kibao chake kimeandikwa griet, na bei yake ni nafuu. Je, tofauti hii ya bei inatokana na ubora wa nyama, au tunalipia sifa tu? Na nitawezaje kuwa na hakika kwamba niliyefungiwa ni taboti na si huyo mwenzake?

Muuza samaki naye amejitolea kunivulia samaki ngozi na kunitolea minofu bila malipo ya ziada. Nilimtazama akimfanyia hivyo mteja mwingine, na minofu iliyobaki juu ya karatasi ilikuwa kidogo sana ukilinganisha na samaki aliyepimwa kwenye mizani. Kichwa, mifupa na ngozi vyote vilikwenda kwenye ndoo. Hatimaye, mapishi mengi ninayoyasoma yanaanza na glasi ya mvinyo mweupe, jambo ambalo haliwezekani nyumbani kwetu. Nilikuwa nimefikiria kumpika kama samaki wa kupaka, kwa tui, lakini mke wangu ana wasiwasi kwamba tutaiua ladha tuliyoinunua kwa gharama kubwa. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mpishi wa Donostia

Ndugu yangu, naomba nianze na suala la minofu, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopoteza fedha zao. Nimepika samaki huyu kwa muda mrefu katika majiko ya eneo la Wabaski, kaskazini mwa Hispania, na ushauri wangu wa kwanza ni huu: usikubali avuliwe ngozi, na usikubali atolewe mifupa.

Taboti ana umbo la karibu duara, kichwa kikubwa na mifupa mipana, kwa hiyo ukichukua minofu peke yake unabaki na chini ya nusu ya uzito uliolipia. Kibaya zaidi, unakuwa umetupa kile kinachomtofautisha na samaki wengine weupe. Chini ya ngozi yake, na hasa kwenye ukingo wote wa mwili mahali mapezi yanapoanzia, kuna ute mzito ambao joto huuyeyusha taratibu ukaingia ndani ya nyama. Nyama yenyewe haina mafuta mengi, takribani gramu 3 katika kila gramu 100, na ni ute huo unaoifanya ihisiwe kuwa imejaa na laini kinywani. Mnofu uliovuliwa ngozi na kuwekwa kwenye kikaango hukauka upesi, na hapo ndipo mtu anaposema kwamba taboti ni samaki wa kawaida mwenye bei ya kifalme.

Katika bandari ndogo ya Getaria, si mbali na hapa ninapoishi, wapishi humchoma taboti mzima juu ya makaa akiwa na ngozi, mifupa na kichwa. Mkahawa uliojulikana zaidi kwa mtindo huo ni Elkano, uliofunguliwa na Pedro Arregui mwaka 1964 na ambao sasa unaendeshwa na mwanawe, Aitor. Samaki hubanwa ndani ya wavu wa chuma wenye vipini, akawekwa juu ya makaa yasiyo na moto wa kuruka, na wakati anaiva hunyunyiziwa mchanganyiko wa mafuta ya zeituni, siki na chumvi. Akishaiva hupasuliwa mbele ya walaji, na kila sehemu huliwa kwa namna yake. Mnofu mnene wa upande wa juu, ule wenye ngozi nyeusi, hutofautiana na mnofu mwembamba wa upande mweupe. Mashavu ni laini kuliko vyote. Na vijiti vya mapezi hushikwa kwa vidole na kunyonywa, mpaka midomo na vidole vinanata kwa ute. Mtu wa Tanga aliyezoea kumaliza kichwa cha changu hatahitaji kufundishwa sehemu hiyo.

Ikiwa huna jiko la makaa, oveni inatosha kabisa. Mwambie muuza samaki atoe matumbo na matamvua tu, na akate ncha za mapezi ikiwa zinazidi sinia lako, lakini asiguse mizizi yake. Nyumbani msugue samaki kwa chumvi, umsuuze, kisha umkaushe vizuri kwa kitambaa. Kwa ncha ya kisu chora mstari mmoja mrefu katikati ya upande mweusi, juu ya uti wa mgongo, mpaka uguse mfupa. Hilo huzuia ngozi isipasuke ovyo na huwezesha joto kufika kwenye sehemu nene. Panga viazi vilivyokatwa vyembamba kwenye sinia pamoja na vitunguu na mafuta ya zeituni, uvitangulize peke yake kwa dakika ishirini hivi, kwa sababu viazi huchelewa kuiva kuliko samaki. Kisha mlaze taboti juu yake, upande mweusi ukitazama juu, katika joto la nyuzi 200. Samaki wa kilo moja na nusu huchukua takribani dakika 25, na wa kilo tatu huhitaji karibu dakika 40, lakini oveni hazifanani, kwa hiyo kipimajoto ni msaada mkubwa: kichomeke karibu na mfupa kwenye sehemu nene iliyo nyuma ya kichwa, na umtoe anapofikia nyuzi 55. Wanaopenda nyama iliyoiva zaidi wamfikishe 60, wasipite hapo. Mwache apumzike dakika kadhaa kabla ya kumpasua.

Wakati anapumzika, pasha mafuta ya zeituni pamoja na vitunguu saumu vilivyokatwa vyembamba na pilipili kavu moja, na vitunguu vinapoanza kugeuka rangi mwagia mafuta hayo juu ya samaki pamoja na maji ya ndimu. Inamisha sinia, uyachote majimaji yote yaliyokusanyika chini, uyarudishe kwenye kikaango yachemke kidogo huku ukitikisa, kisha uyamwagie tena. Ute wa samaki na mafuta vitashikana vikawa mchuzi mzito wenyewe, bila unga, bila krimu na bila tone la mvinyo.

Kuhusu kupaka, nakubaliana na mkeo kwa kiasi fulani. Tui likipakwa juu ya samaki huyu wakati anaiva linazuia ngozi isikauke na linaufunika ute wake, lakini hiyo si sababu ya kuliacha. Litengeneze pembeni: tui zito la kwanza, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili mbichi, ndimu na bizari kidogo sana, kisha liwekwe mezani katika bakuli lake, kila mtu ajimiminie. Wakwe zako watapata ladha ya nyumbani, na samaki atabaki kuwa yeye.

Fundi wa Vidimbwi, Galicia

Mpishi ameeleza vizuri sana, na mimi nitajibu yale yanayohusu bei na utambuzi, kwa kuwa ninafanya kazi katika shamba la kufugia taboti huku Galicia, pembe ya kaskazini-magharibi ya Hispania, na inawezekana kabisa kwamba hao wadogo uliowaona juu ya barafu wametoka upande wetu.

Anza na kibao. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1379 ya mwaka 2013 inamlazimu muuza samaki aonyeshe jina la kibiashara, jina la kisayansi, kama samaki amevuliwa au amefugwa, na mahali alikotoka. Kwa aliyevuliwa baharini aonyeshe pia aina ya zana iliyotumika. Kwa Kiholanzi utaona neno gevangen kwa aliyevuliwa na gekweekt kwa aliyefugwa. Jina la kisayansi la taboti ni Scophthalmus maximus, na la griet ni Scophthalmus rhombus. Hao ni ndugu wa jenasi moja na wote wawili wana macho upande wa kushoto, ndiyo maana wanafanana. Hata hivyo, ukitumia mkono wako huwezi kukosea: pitisha kiganja juu ya upande mweusi, na ukigusa vinundu vigumu vya mfupa vilivyotawanyika kwenye ngozi isiyo na magamba, huyo ni taboti. Griet ana magamba madogo laini, mwili wake ni wa mviringo mrefu zaidi, na vijiti vya kwanza vya pezi lake la mgongoni, karibu na kichwa, vimechanuka kama shada. Griet ni samaki mzuri na sioni aibu kumla, ila ni mwembamba zaidi na ute wake ni mdogo.

Sasa kuhusu bei. Taboti wa baharini ni wachache kwa sababu karibu hakuna chombo katika Bahari ya Kaskazini kinachotoka kwa ajili yake peke yake. Wengi wao huingia kwenye nyavu za kukokota zinazotafuta samaki bapa wengine wa bei ya chini, na Umoja wa Ulaya huweka kikomo kimoja cha mavuno kwa taboti na griet kwa pamoja. Soko lina njaa na samaki hawatoshi. Huyo wa kufugwa hupatikana mwaka mzima kwa ukubwa unaotabirika, na hilo peke yake linashusha bei. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti uliyoiona ni ya upungufu na ya ukubwa wa samaki, wala si hukumu juu ya ubora.

Naomba nieleze kidogo jinsi anavyofugwa, kwa sababu watu wengi huwazia vizimba vilivyoelea baharini kama vya samoni, na sivyo ilivyo. Taboti ni samaki wa kulala chini, kwa hiyo hufugwa nchi kavu katika vidimbwi vyenye sakafu tambarare, ambavyo maji ya bahari hupampiwa humo usiku na mchana. Kinachohesabiwa ni eneo la sakafu kuliko kina cha maji. Hukua vizuri katika maji ya nyuzi 14 hadi 18, na pwani ya Galicia inafaa kwa sababu wakati wa kiangazi maji baridi hupanda kutoka vilindini na kuzuia joto lisizidi. Ufugaji wenyewe ulianzia Uskoti katika miaka ya 1970, ukafuata Ufaransa na Hispania, na uligota kwa muda mrefu mahali pamoja: vifaranga. Jike mmoja mkubwa anaweza kutaga mamilioni ya mayai, lakini kila yai lina kipenyo cha milimita moja hivi na kifaranga anayetoka humo ana kinywa kidogo kiasi kwamba hakuna chakula cha dukani kinachoweza kuingia. Ilibidi tujifunze kwanza kuwafuga viumbe wadogo sana wa majini ili wawe chakula chake, na wakati huo mapipa ya kuwakuzia wadudu hao ndiyo yanayochukua kazi zaidi kuliko samaki wenyewe.

Jambo ambalo halijawahi kunichosha ni kumwona kifaranga akigeuka. Anapoanguliwa huogelea wima kama samaki yeyote, jicho moja kila upande. Kisha, kabla hajafikia urefu wa sentimita tatu, jicho la kulia huanza kuhama, likavuka ukingo wa juu wa kichwa mpaka likakaa karibu na la kushoto, na kadiri linavyohama ndivyo samaki anavyozidi kuinama, hadi siku unayomkuta amelala sakafuni na hainuki tena. Katika vituo vya kuangulia mabadiliko hayo wakati mwingine hayakamiliki vizuri, hasa upande wa rangi, ndiyo maana taboti wa kufugwa huweza kuwa na mabaka meusi kwenye upande wa chini ambao kwa samaki wa baharini kwa kawaida ni mweupe kabisa. Mabaka hayo hayana madhara yoyote kwa mlaji, bali ni alama nzuri ya kutambua asili yake ikiwa kibao hukiamini.

Kwenye sahani, wa kufugwa ana mafuta zaidi na nyama laini kidogo, kwa sababu hulishwa kila siku na hasafiri. Wa baharini, ambaye hukua kwa kuwinda samaki wadogo mchangani, ana nyama inayoshikana zaidi. Hata hivyo, ningependa uangalie uzito kabla ya asili. Samaki wa kilo moja na nusu, awe wa wapi, ana minofu myembamba inayoiva haraka kuliko ute unavyoyeyuka. Kwetu taboti hufikia ukubwa huo kwa miaka miwili hadi mitatu, na majike hukua haraka kuliko madume, kwa hiyo mashamba huwaacha baadhi yao wafike kilo tatu au zaidi kwa ajili ya mikahawa. Mwambie muuza samaki wako akuagizie mmoja wa aina hiyo wiki moja kabla. Bei ya kilo itapanda kidogo, ila itabaki chini ya ile ya wa baharini, na utakuwa na samaki anayestahili kuwekwa mzima mbele ya baba mkwe.

Nimalizie na hofu ambayo huulizwa mara nyingi, ya dawa. Mwaka 2006 wakaguzi wa Shanghai walikuta mabaki ya dawa zilizopigwa marufuku ndani ya taboti wa kufugwa wa China, na mikahawa mingi ya mji huo iliwaondoa mezani. China ilimpokea samaki huyu mwaka 1992 kutoka Uingereza kwa juhudi za mtafiti Lei Jilin, na leo inazalisha makumi ya maelfu ya tani kwa mwaka, kiasi kinachoizidi Ulaya nzima kwa mbali. Wengi wao huliwa hukohuko. Dawa za jamii hiyo haziruhusiwi kwa wanyama wa chakula katika Umoja wa Ulaya, na shehena hupimwa, kwa hiyo kwa samaki uliyemwona Ostend usiwe na wasiwasi wa aina hiyo.

Msomaji wa Montréal

Naongeza tahadhari moja kwa wanajukwaa wanaoishi upande huu wa Atlantiki. Huku Kanada mifuko ya samaki waliogandishwa, na hata samaki wabichi sokoni, huuzwa kwa jina la taboti, lakini samaki aliyemo ndani ni mwingine kabisa: ni halibati wa Greenland, Reinhardtius hippoglossoides, anayeishi kwenye vilindi vya baridi kali. Macho yake yako upande wa kulia, ngozi ni nyeusi hadi upande wa chini, na nyama ina mafuta mengi, inayofaa sana kukaushwa kwa moshi. Hana ute wa ukingoni uliosifiwa hapo juu, kwa hiyo ukifuata maelekezo ya Mpishi kwa samaki huyo, mchuzi hautashikana na utadhani umekosea mahali.

Huyo ndiye samaki aliyesababisha mzozo wa mwaka 1995 kati ya Kanada na Hispania, tarehe 9 Machi, walinzi wa Kanada walipoikamata meli ya uvuvi Estai ya Vigo nje kidogo ya mpaka wa maili 200, baada ya kufyatua risasi za onyo mbele ya chombo. Waziri wa uvuvi Brian Tobin aliupeleka wavu wa meli hiyo New York na kuuonyesha hadharani karibu na makao ya Umoja wa Mataifa, ili dunia ione udogo wa matundu yake. Hispania ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo mwaka 1998 iliamua kwamba haina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo. Ninalitaja kwa sababu anayetafuta habari za taboti kwenye intaneti atakutana na mzozo huo kwanza, na ni rahisi kudhani kwamba samaki wa Ostend ndiye aliyepiganiwa.

Mkaazi wa Ostend

Nawashukuru sana nyote, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia. Leo asubuhi nilirudi sokoni nikapitisha kiganja juu ya samaki wote watatu, na ni kweli: vinundu vya taboti huvisikia mara moja, hata bila kutazama. Muuza samaki amekubali kuniagizia wa kufugwa wa kilo tatu na nusu, na tui litakaa kwenye bakuli lake.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Baba mkwe bila shaka ataniuliza kama huyu ni sawa na gayogayo wa kwetu, na ningependa niwe na jibu lililo sahihi. Pia, wageni watakula Jumamosi jioni, ilhali samaki ataletwa Alhamisi. Je, siku mbili si nyingi mno? Kwetu samaki wa juzi hapelekewi mkwe.

Mvuvi wa Shimoni

Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Wako gayogayo wa aina nyingi, lakini yule mkubwa mwenye thamani kwenye soko letu, ambaye wanasayansi humwita Psettodes erumei, ana uhusiano wa mbali tu na taboti. Wote ni samaki bapa, hapo mfanano unakomea. Gayogayo huyo ana kinywa kipana chenye meno makali yanayoonekana wazi, na ukimshika vibaya wakati unamtoa kwenye ndoana utaumia. Macho yake huweza kuwa kushoto au kulia, wakati taboti karibu daima ni wa kushoto. Pezi lake la mgongoni linaanzia nyuma ya kichwa badala ya kuanzia usoni, na wakati mwingine huogelea wima, jambo ambalo samaki bapa wengine karibu wote wameliacha. Anapatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi Japani na Australia, katika maji ya joto ambayo taboti asingeyavumilia.

Nyama ya gayogayo ni nyeupe, imara na tamu, na kwa kukaanga au kwa mchuzi wa nazi sidhani kama kuna sababu ya kumwonea haya mbele ya taboti. Mwambie baba mkwe hivyo hivyo, atakuelewa. Tofauti atakayoigundua mwenyewe ni huo ute.

Mwanafunzi wa Istanbul

Naomba niseme neno juu ya Bahari Nyeusi, kwa sababu taboti wa huko wanaletwa kwenye masoko ya Istanbul, na kuanzia mwisho wa baridi hadi majira ya kuchipua huwatundika mbele ya maduka, upande mweupe ukitazama barabara. Vinundu vyao ni vikubwa zaidi, na baadhi ya wataalamu huwahesabu kuwa spishi yao peke yao. Wapishi wa Kituruki hawamwoki mzima mara nyingi. Humkata vipande vinene pamoja na mfupa, humpaka unga na kumkaanga kwenye mafuta mengi, na kwa mtindo huo pia ngozi na ute hubaki mahali pake. Ikiwa kuna mlaji anayependa kitu chenye ukoko, vipande viwili vya mkiani vinaweza kutengwa kwa ajili hiyo.

Ila kuna jambo linalonihuzunisha kuhusu uvuvi wa huko, na nadhani anayechagua kati ya wa baharini na wa kufugwa anastahili kulijua. Taboti wa Bahari Nyeusi huvuliwa kwa majarife yenye matundu mapana yanayoachwa chini kwa muda mrefu, na humo hunaswa pia pomboo wadogo wa bahari hiyo, ambao hufa kwa kukosa hewa kwa kuwa hawawezi kupanda juu kupumua. Samaki wenyewe wamepungua sana, na uvuvi wa magendo haujakoma licha ya misimu ya kufunga uvuvi. Kwa sababu hiyo mimi binafsi nimeacha kununua wa baharini wa kutoka huko. Kibao chenye namba ya eneo la uvuvi kinasaidia: Bahari ya Kaskazini iko ndani ya eneo 27, na Bahari Nyeusi iko ndani ya eneo 37 pamoja na Mediterania.

Mpishi wa Donostia

Kuhusu Alhamisi na Jumamosi, usiwe na hofu yoyote. Taboti mkubwa aliyepikwa siku ileile aliyokufa hukakamaa, nyama hukunjamana motoni na huvutika mdomoni. Misuli yake minene huhitaji siku mbili au tatu kwenye baridi ili ilegee. Wapishi wengi tunapendelea kumpokea mapema kwa makusudi. Sharti ni kwamba awe ameshatolewa matumbo na matamvua, akaushwe kila siku kwa kitambaa safi, na alale kwenye sinia lenye kichujio juu ya barafu, sehemu ya chini kabisa ya jokofu, bila kuogelea kwenye maji yanayoyeyuka. Usimfunge kwenye plastiki. Mpake chumvi saa moja tu kabla ya kuoka.

Jumamosi, baada ya kula, usitupe kichwa wala mifupa iliyobaki mezani. Vichemshe kwa maji yanayofunika tu, pamoja na kitunguu na kipande cha tangawizi, kwa moto mdogo, dakika zisizozidi 25, kwa sababu mifupa ya samaki ikichemka muda mrefu huingiza uchungu. Chuja na uweke kwenye jokofu; asubuhi utakuta supu imeganda kabisa ikitikisika kwenye bakuli. Ipashe, uongeze tui jepesi, ndimu na pilipili, na itafaa sana kwa chai ya asubuhi ya Jumapili pamoja na mkate wa kumimina, ikiwa mama mkwe ataruhusu mtu mwingine aingie jikoni.